Tathmini ya beringi za rola za koni kwa shingo ya pikipiki nzito ya safari

Seti ninayoitathmini hapa ina beringi mbili za rola zenye umbo la koni, vikombe vyake viwili (pete za nje ambamo rola huzungukia) na sili za kuzuia vumbi na maji, na hufungwa kwenye shingo ya fremu, yaani sehemu ambamo shafti ya usukani hupita, mahali pa beringi za gololi zilizotoka kiwandani na pikipiki. Nimeifunga na kuitumia kwa muda mrefu kwenye pikipiki ya safari yenye uzito wa zaidi ya kilo 400 kabla ya abiria na mizigo, ambayo ilikuwa na ugonjwa unaofahamika sana kwa pikipiki za aina yake: dereva anapoachia mafuta na kulegeza mikono, usukani huanza kucheza kushoto na kulia kadiri mwendo unavyoshuka kutoka kilomita 70 hadi 50 kwa saa. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji mwenye haraka asipotee njiani. Seti ni nzuri na inastahili kununuliwa, lakini nafuu kubwa inatokana na ukazaji sahihi kuliko umbo la rola zenyewe, na mtu anayeifunga kabla ya kushughulikia tairi la mbele anauficha ugonjwa badala ya kuutibu. Jina la kiwanda silitaji, kwa sababu seti za namna hii hutengenezwa na wengi na zinafanana sana, na nitakayoyasema yanahusu aina nzima.

Kwanza ni lazima tuelewane ni mtikisiko gani unaozungumzwa, kwa sababu nimesoma maoni mengi ya wanunuzi waliolalamika kuwa beringi hizi hazikuwasaidia, na ukiyachunguza unakuta walikuwa na tatizo jingine kabisa. Kuna kutetemeka kwa usukani, ambako gurudumu la mbele, shokapu za mbele na mikono ya usukani huzunguka huku na huku kwenye shingo ya fremu takriban mara 4 hadi 10 kwa sekunde, huku sehemu kubwa ya pikipiki ikiwa imetulia. Hutokea kwenye mwendo wa kati, na huonekana zaidi mikono inapokuwa myepesi. Kuna pia kuyumba kwa pikipiki nzima, ambako nyuma na mbele hushiriki, mwendo wake ni wa polepole zaidi, takriban mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na hujitokeza kwenye kasi kubwa, hasa pikipiki inapokuwa imebeba mzigo mzito nyuma. Chanzo cha huku kuyumba kwa pili mara nyingi hupatikana nyuma: upepo mdogo wa tairi, tairi lililolika katikati na kuwa bapa, shokapu ya nyuma iliyochoka, au beringi za mkono unaoshika gurudumu la nyuma zilizolegea. Beringi za shingo hazina dawa ya ugonjwa huo, na zikikazwa kupita kiasi zinaweza kuuzidisha.

Swali ambalo watu huuliza sana ni kwa nini mtikisiko wa kwanza hujitokeza kwenye mwendo uleule kila mara. Hesabu yake ni rahisi na inasaidia kuelewa seti hii inafanya kazi gani. Tairi la mbele la kipimo cha 130/70 R18, ambalo ndilo lililofungwa kwenye Honda Gold Wing GL1800 za 2001 hadi 2017, lina mzingo wa takriban mita 2. Pikipiki ikienda kilomita 60 kwa saa, inapita takriban mita 16.7 kwa sekunde, yaani gurudumu linazunguka zaidi kidogo ya mara 8 kwa sekunde. Kwenye kilomita 50 linazunguka kama mara 7, na kwenye kilomita 70 karibu mara 10. Kwa hiyo, mwendo unaposhuka kupitia eneo hilo, idadi ya mizunguko ya gurudumu inalingana na kasi ambayo usukani wenyewe, kwa uzito na jiometria yake, unapenda kutikisika. Kasoro yoyote kwenye gurudumu, iwe ni kutokuwa na mizani, rimu iliyopinda kidogo au tairi lililolika vibaya, husukuma usukani mara moja kwa kila mzunguko, na msukumo mdogo unaokuja kwa wakati wake hukuza mtikisiko mkubwa. Kuachia mafuta huongeza tatizo kwa sababu uzito huhamia mbele na shokapu za mbele hushuka, jambo linalobadilisha pembe ya usukani na kulibana zaidi tairi chini.

Kinachozuia msukumo huo usikue ni vitu vitatu: mikono ya dereva, msuguano ulioko kwenye shingo ya fremu, na tabia ya tairi lenyewe. Mikono ikiondoka, shingo inabaki na kazi kubwa. Hapo ndipo beringi zinapoingia, na hapo pia ndipo inapoeleweka kwa nini pikipiki nyingi hazionyeshi dalili yoyote mpaka dereva alegeze mikono. Pikipiki ambazo kava kubwa la mbele limefungwa kwenye shokapu za mbele zenyewe, kama Harley-Davidson Electra Glide, zina uzito zaidi unaozunguka pamoja na usukani kuliko zile ambazo kava limefungwa kwenye fremu, kama Road Glide ya kampuni hiyohiyo, na kwa hiyo hali ya shingo inastahili kuangaliwa kwa makini zaidi kwenye zile za kwanza.

Kabla ya kufungua boksi la beringi, nilipitia mambo ambayo hayahitaji kununua kitu au yanahitaji kidogo tu, na namshauri kila mtu afanye hivyo. Upepo wa matairi upimwe yakiwa yamepoa, kwa kipimo cha kuaminika, na ulingane na kitabu cha pikipiki. Kwa GL1800 niliyoitaja, kwa mfano, ni psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 36 mbele na 41 nyuma. Tairi la mbele likipungukiwa hata psi chache, mtikisiko huongezeka waziwazi. Kisha litazamwe tairi lenyewe, na kutazama kwa macho hakutoshi. Inua gurudumu la mbele, pitisha kiganja taratibu juu ya vipande vya mpira vya tairi kwa upande linakozungukia, halafu rudisha kiganja upande wa pili. Tairi lililolika kwa mawimbi huhisi laini upande mmoja, na upande wa pili kila kipande cha mpira hukwaruza kiganja kwa ncha yake iliyoinuka, na hali hiyo huwa mbaya zaidi kwenye mabega ya tairi kuliko katikati. Tairi la namna hiyo linaweza kuwa bado na kina cha kutosha kisheria, lakini kwa habari ya utulivu wa usukani limekwisha kazi yake. Hakuna beringi ya kulirekebisha.

Gurudumu nalo lipimwe mizani na unyoofu. Kipande cha waya kilichofungwa kwenye shokapu na kusogezwa karibu na ukingo wa rimu kinatosha kuonyesha kama rimu inacheza, na vitabu vingi vya ufundi huweka kikomo cha milimita 2. Beringi za gurudumu zijaribiwe kwa kulishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Jambo linalosahauliwa sana ni namna ekseli ya mbele ilivyokazwa mara ya mwisho tairi lilipobadilishwa: ikiwa bolti za kubana za pande zote mbili zilikazwa kabla ya shokapu kupewa nafasi ya kujiweka sawa, miguu ya shokapu hubaki imevutwa pamoja au kusukumwa mbali, haitelezi vizuri, na mbele nzima hufanya kazi kwa shida. Dawa yake ni kukaza ekseli na kubana upande mmoja kwa utaratibu wa kitabu, kuishusha pikipiki chini, kuisukuma mbele ikishuka na kupanda mara kadhaa, kisha kubana upande wa pili.

Mzigo pia una neno. Sanduku la nyuma lililofungwa juu na nyuma ya ekseli, likijazwa vitu vizito, hupunguza uzito wa tairi la mbele na kuongeza kuyumba. Vitu vizito viwekwe kwenye masanduku ya pembeni, chini na mbele kadiri inavyowezekana, na ukazo wa springi ya nyuma urekebishwe kulingana na abiria. Kwenye pikipiki yangu, tairi jipya la mbele lililopimwa mizani vizuri lilipunguza mtikisiko kwa kiasi kikubwa, lakini halikuumaliza. Kilichobaki ndicho kilichonipeleka kwenye shingo ya fremu.

Dalili za shingo iliyochoka ni mbili, na zote zinaweza kupatikana bila kufungua kitu. Ya kwanza ni mlio wa kugonga unaosikika na kuhisiwa mkononi unapokamata breki ya mbele na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma. Huo ni ulegevu. Ya pili ni ya kificho zaidi: gurudumu la mbele likiwa limeinuliwa, geuza usukani polepole kwa kidole kimoja kutoka upande hadi upande. Ukifika katikati, pale pikipiki inapoelekea mbele moja kwa moja, unahisi usukani unaingia kwenye kishimo na kutulia, na unahitaji nguvu kidogo kuutoa. Kwenye pikipiki yangu ulegevu haukuwapo, ila kishimo kilikuwapo.

Nilipovitoa vikombe vya zamani, sababu yake ilionekana wazi. Kikombe cha chini kilikuwa na mfululizo wa vidimbwi vidogo, kimoja kwa kila gololi, vilivyopangana sawasawa kama mashimo ya bao. Macho yalihitaji mwanga wa pembeni kuviona, lakini ukucha ulivinasa mara moja. Grisi iliyokuwamo ilikuwa imekauka na kugeuka rangi ya kutu pembeni. Vidimbwi hivyo havitokani na ajali. Pikipiki ya safari hutumia saa nyingi ikienda mbele moja kwa moja, gololi hazizunguki ipasavyo, na mitikisiko midogo ya barabara huisukuma grisi ikatoka kati ya chuma na chuma mpaka nyuso zikaanza kulana. Kwa kuwa gololi hugusa kikombe kwenye nukta ndogo tu, uzito wote wa mbele huelemea nukta hizo. Usukani wenye vidimbwi hauwezi kukazwa vizuri, kwani ukikaza mpaka uwe sawa ukiwa umegeuka pembeni, katikati unabaki umelegea, na ukikaza kwa ajili ya katikati, pembeni unakuwa mgumu mno.

Rola ya koni hugusa kikombe kwenye mstari, urefu wote wa rola, na kwa hiyo uzito uleule hugawanywa kwenye eneo kubwa zaidi. Umbo hili si geni: Henry Timken alilipatia hataza nchini Marekani mwaka 1898 kwa ajili ya ekseli za magari ya kukokotwa na farasi, kwa sababu linabeba uzito wa kutoka juu na msukumo wa pembeni kwa wakati mmoja, na ndivyo ilivyo kazi ya shingo ya pikipiki, ambayo hubeba uzito ikiwa imesimama na kusukumwa nyuma kila breki inapokamatwa. Kwa usukani wa pikipiki nzito, umbo hili lina faida mbili. Linachelewa kufanya vidimbwi, na linaweza kukazwa zaidi kidogo bila kuharibika, jambo linaloongeza msuguano unaotuliza mtikisiko. Wauzaji wengi huitangaza faida ya pili. Mimi naithamini zaidi ya kwanza.

Ubora wa seti niliyoipata ulikuwa mzuri katika sehemu zinazobeba uzito. Rola zilikuwa na nyuso safi bila mikwaruzo, vikombe viliingia kwenye shingo kwa kubana inavyotakiwa, na koni ya chini, yaani pete ya ndani yenye rola, ilikaa kwenye shafti ya usukani bila nafasi. Sikuridhika na vitu viwili. Sili ya chini ilikuwa na mdomo mwembamba kuliko ile ya kiwandani, na sehemu ya chini ya shingo ndiyo hupigwa na maji, mchanga na tope kutoka kwenye tairi. Beringi ya pale ndiyo huharibika kwanza, kwa hiyo sioni sababu ya kuweka akiba kwenye kipande hicho kidogo cha mpira. La pili ni karatasi ya maelekezo, iliyoeleza mpangilio wa vipande na kukomea hapo, bila kutaja lolote kuhusu ukazaji. Mnunuzi asiye na kitabu cha ufundi cha pikipiki yake ameachwa gizani katika hatua ambayo ndiyo roho ya kazi yote. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba beringi huja zikiwa na mafuta mepesi ya kuzuia kutu tu. Hayo si grisi, na anayezifunga hivyo zilivyo ataziua mapema.

Kazi ya kufunga ni ndefu, na sitamdanganya mtu kuwa ni ya jioni moja. Kwenye pikipiki kubwa ya safari lazima zitolewe kava za mbele, gurudumu, breki, shokapu zote mbili, na usukani wenyewe pamoja na nyaya na mipira inayopita hapo, kabla hata ya kuiona nati ya shingo. Pikipiki isimamishwe kwa namna ambayo haiwezi kuanguka mbele ikiwa imebaki nyepesi upande mmoja. Vikombe vya zamani hutolewa kwa chuma kirefu kinachopigwa kutoka ndani, kwa zamu kulia na kushoto ili visikae upande. Vipya nililaza kwenye friza usiku kucha, nikaipasha shingo joto kiasi, vikaingia bila vita. Hapa nyundo isiyo na mpango huharibu shingo ya fremu, na hasara hiyo haina kipuri. Namna nzuri ya kujua kuwa kikombe kimefika mwisho ni kusikiliza: sauti ya kugonga hubadilika kutoka nzito na butu kuwa kali na fupi. Koni ya chini hushuka kwenye shafti kwa bomba linalokanyaga pete ya ndani peke yake. Ukigonga kwenye kizimba kinachoshikilia rola, umeinunua ikiwa mpya na kuifunga ikiwa mbovu. Grisi ishindiliwe kwa kiganja mpaka itokeze upande wa pili kati ya rola, na iwe grisi isiyosafishwa kirahisi na maji.

Sasa tuje kwenye ukazaji, ambao ndio nilioutaja tangu mwanzo. Vipimo vilivyomo kwenye kitabu cha pikipiki vimeandikwa kwa ajili ya beringi za gololi, na seti ya koni kwa kawaida hukazwa zaidi kidogo ya hapo. Utaratibu unaofanya kazi ni kukaza kwanza kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, kugeuza usukani kutoka upande hadi upande mara kadhaa ili rola zijipange na grisi ya ziada itoke, kulegeza, kisha kukaza tena kwa kipimo cha mwisho. Wanaokaza mara moja na kuondoka hupata usukani ambao ni sawa gereji na umelegea barabarani, kwa sababu vikombe na rola havijakaa mahali pake.

Kipimo cha spana peke yake hakitoshi, kwa kuwa kinaathiriwa na hali ya nyuzi za nati na unene wa grisi. Kinachopaswa kupimwa ni nguvu inayohitajika kuugeuza usukani. Fungia mizani ya kuvuta ya springi kwenye mguu wa shokapu, karibu na kishikizo chake, gurudumu likiwa hewani, vuta kwa pembe mraba na usome mizani usukani ukiwa tayari unatembea. Nguvu ya kuuanzisha huwa kubwa zaidi na itakupotosha. Hakikisha hakuna waya wala mpira wa breki unaouvuta usukani upande wowote, la sivyo unapima waya badala ya beringi. Na baada ya kukaza nati kubwa ya juu, pima tena, kwa sababu nati hiyo huivuta shafti juu na kubadilisha ulichokiweka. Mara nyingi itabidi kurudi nyuma, kulegeza kidogo na kurudia, na fundi anayelalamikia kurudia huko hafai kupewa kazi hii.

Kukaza pungufu kunajulikana kwa ule mlio wa kugonga wa kwenye breki. Kukaza kupita kiasi kuna dalili ambayo wengi huisoma vibaya. Kwenye mwendo mdogo, kama wa foleni, pikipiki haijinyooshi yenyewe. Inatembea kwa kupindapinda, na dereva anajikuta akiirekebisha kila sekunde, kama vile barabara imejaa makovu. Kwenye kona inaingia kwa kusitasita na inakataa kuinuka. Mtikisiko wa usukani umekwisha kabisa, naam, lakini umenunuliwa kwa bei ya pikipiki inayochosha na isiyosema ukweli kuhusu tairi lake. Usukani uliokazwa vizuri, gurudumu likiwa hewani, unaposukumwa kidogo kutoka katikati huanza kuanguka upande wenyewe, taratibu, bila kukwama na bila kukimbia.

Baada ya kufunga na kukaza kwa namna hii, matokeo yalikuwa wazi. Nikiteremka kutoka kilomita 80 hadi 40 kwa saa, mafuta yameachiwa na viganja vikiwa vimefunguka juu ya vishikio bila kuvibana, usukani ulitulia moto kwa baridi, barabara laini kwa mbaya. Nasisitiza kuwa jaribio hili lisifanywe kwa kuachia mikono yote na kuiweka magotini. Kulegeza viganja vikiwa karibu kunatosha kabisa kuonyesha mtikisiko, na barabara iwe kavu, nyoofu na tupu. Iwapo usukani utaanza kucheza, ushikwe kwa uthabiti bila kukaza mabega, mwili uinamishwe mbele, mwendo upunguzwe polepole, na breki ya mbele isikamatwe ghafla.

Hata hivyo, tairi la mbele lilipozidi nusu ya maisha yake, mtikisiko mdogo ulirudi. Ulikuwa hafifu, usioendelea kukua, lakini ulikuwapo, na ulitoweka tena tairi lilipobadilishwa bila kugusa shingo. Nalichukulia jambo hili kuwa ushahidi mzuri kuliko wote kuhusu kazi halisi ya seti hii. Beringi hizi hazikuondoa chanzo. Ziliondoa kishimo cha katikati, zikaleta msuguano ulio sawa kutoka upande hadi upande, na hivyo kasoro ndogo za tairi zikakosa nafasi ya kukua. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa usalama. Anayeziona beringi kama dawa kamili ataendelea kutumia tairi lililolika kwa mawimbi kwa kuwa usukani umenyamaza, na tairi hilohilo ndilo analolitegemea kwenye breki na kwenye maji.

Kuna njia mbadala zinazouzwa kwa tatizo hilihili, na nitazigusa kwa ufupi. Daraja la chuma linalounganisha miguu miwili ya shokapu hupunguza kujipinda kwa miguu hiyo na linaweza kuongeza uhakika kwenye kona zenye mashimo, lakini halitengenezi vidimbwi vya shingo. Linafaa kuja baadaye, na likifungwa vibaya hubana shokapu zisiteleze. Kizuia mtikisiko cha haidroliki kinachofungwa kati ya fremu na usukani kinafanya kazi yake kweli, ila kwa pikipiki ya safari nakiona kama jibu la mwisho kabisa, kwa sababu hunyamazisha kila kitu, pamoja na dalili ambazo dereva anapaswa kuzisikia.

Seti hii pia si ya kila pikipiki ya safari. Honda Gold Wing iliyobuniwa upya kwa mwaka 2018 iliachana na shokapu za mbele za kawaida na kutumia mikono miwili inayobeba gurudumu, na BMW K 1600 nayo ina mfumo wake wa mbele wa viungo. Kwenye pikipiki hizo usukani unapocheza, uchunguzi wa viungo ni kazi tofauti, na utaratibu wa kukaza nilioueleza haufai.

Kwa mwenye pikipiki ya shokapu za kawaida ambayo shingo yake ina kishimo cha katikati, naipendekeza seti hii bila kusita, mradi tairi la mbele liwe zima na kazi apewe fundi atakayekubali kupima kwa mizani. Kwa mwenye shingo isiyo na kishimo wala ulegevu, ambaye mtikisiko wake umeanza tairi lilipochoka, ningesema fedha hizo zinunue tairi kwanza. Anayenunua aulize kuhusu sili ya chini kabla ya kulipa. Mimi niliichukua ya kiwandani mahali pa ile iliyokuja na seti, baada ya kuhakikisha kuwa vipimo vinalingana, na ninaposafisha pikipiki sielekezi maji ya kasi chini ya shingo. Baada ya takriban kilomita 1,500 za mwanzo ukazo upimwe upya, kwa kuwa vikombe vipya hukaa zaidi kidogo vikishazoea uzito. Kwenye pikipiki yangu mizani ilisoma pungufu kiasi, nati ikahitaji mguso mdogo tu, na tangu hapo kipimo hakijabadilika.